TIRAMISU NA SAFARI YA KAHAWA: KUTOKA YEMEN MPAKA TREVISO



Sifa zote njema ni za Allaah, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, kuna kitamutamu kimoja cha Kitaliano ambacho siku hizi hakikosekani katika mahoteli makubwa, katika maduka ya keki na hata katika karamu za harusi. Kinaitwa tiramisu. Hakiokwi. Hupangwa kwa matabaka: biskuti nyepesi zilizochovywa katika kahawa chungu, juu yake krimu ya viini vya mayai, sukari na jibini laini iitwayo mascarpone, kisha biskuti tena, kisha krimu tena, na mwisho hunyunyiziwa unga wa kakao. Huwekwa katika friji mpaka kishikane, kikaliwa baridi.

Kila kinapotajwa, swali moja hufuata: "Je, ni halali?" Na katika kujibu, watu wengi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hula bila ya kuuliza, kwa kuwa ni keki tu na watu wote wanakula. Kundi la pili hukata shauri kwamba kila tiramisu ina pombe, hivyo hawataki hata kukisikia. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba makundi yote mawili yamefanya jambo moja: yamehukumu kwa jina, hayakutazama kilichomo.

Makala haya yanataka kuonyesha njia nyingine, na wala si mpya. Wanazuoni wetu waliipita karibu miaka 500 iliyopita, tena kwa sababu ya kahawa yenyewe, hii hii iliyomo ndani ya tiramisu. Kwa hiyo tuanze na kahawa, halafu tufike Italia, kisha mwisho tuingie jikoni Insha Allaah.

1. KAHAWA ILIVYOANZA

Mti wa kahawa asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Lakini watu wa kwanza tunaowajua kwa uhakika kwamba walikuwa wakiinywa kama sisi tunavyoinywa leo ni Masufi wa Yemen, katika karne ya 15. Walikuwa wakikesha usiku kwa dhikri na ibada, na wakaiona kahawa inawaondolea usingizi na uzito wa mwili. Mmoja wa wanaotajwa sana katika habari hii ni Shaykh Jamaal ad-Diin Muhammad adh-Dhabhaani, aliyekuwa mufti katika mji wa Aden na akafariki mwaka 875 Hijria, sawa na 1470 Miladia. Mtu mwenye cheo kama hicho anapokunywa kitu mbele za watu, watu hukiamini.

Habari hizi hatukuzipata katika hadithi za vibarazani. Zimeandikwa na mwanachuoni 'Abdul-Qaadir al-Jaziiri katika kitabu chake cha mwaka 1558 hivi, kiitwacho 'Umdat as-Safwa fii Hill al-Qahwa. Jina la kitabu pekee linatosha kutueleza hali ya wakati ule: ni kitabu kilichoandikwa kuthibitisha uhalali wa kahawa. Ingekuwa hakuna aliyeipinga, kwa nini mtu achoke kuandika kitabu kizima?

Kutoka Yemen, kahawa ilipanda na wanafunzi na mahujaji mpaka Makkah, na kutoka Makkah ikafika Cairo mwanzoni mwa karne ya 16. Wanafunzi wa Kiyemeni waliokuwa wakisoma Al-Azhar walikuwa wakiinywa katika dhikri zao kama walivyozoea kwao.

2. JINA LILILOZUA MTAFARUKU

Sasa tuangalie neno lenyewe. Katika Kiarabu cha zamani, qahwa lilikuwa ni mojawapo katika majina ya mvinyo! Washairi wa zamani waliita mvinyo kwa jina hilo kabla kinywaji cha buni hakijajulikana. Basi tafakari, ndugu msomaji: kinakuja kinywaji kipya, cheusi, kinachobadilisha hali ya mtu kwa kumtoa usingizi, watu wanakusanyika usiku na kukizungusha kwa vikombe, na jina lake ni jina la khamri. Je, ungemlaumu aliyeingiwa na shaka?

Mwaka 917 Hijria, yaani 1511, shaka hiyo ilizuka hadharani mjini Makkah. Msimamizi wa masoko na maadili ya mji, Khaa'ir Beg, aliyekuwa chini ya utawala wa Mamluki wa Misri, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Akaitisha mkutano wa wanazuoni na kuwaita matabibu watoe ushahidi. Matabibu wakasema kahawa inadhuru. Ikapigwa marufuku, na iliyopatikana ikachomwa moto barabarani. Kisha habari ikapelekwa Cairo kwa Sultani Qaansuh al-Ghawri. Jibu lililorudi halikuwa kama alivyotarajia Khaa'ir Beg: lilikataza mikusanyiko na mambo yasiyofaa yanayofanyika penye kahawa, lakini halikuiharamisha kahawa yenyewe.

Tuone namna walivyotenganisha. Kikao kibaya ni kikao kibaya, hata kama watu wanakunywa maji ya Zamzam. Kinywaji chenyewe kina hukumu yake.

Mzozo haukuisha hapo. Katika miaka ya 1530, fujo zilitokea Cairo, na watu waliochochewa na mawaidha wakavamia nyumba za kahawa. Jambo likafikishwa kwa kadhi wa Kihanafi, Muhammad ibn Ilyaas. Al-Jaziiri anaeleza alivyofanya, na hapa ndipo penye funzo letu. Kadhi yule hakutosheka na maneno ya hawa wala ya wale. Aliamrisha kahawa ipikwe nyumbani kwake, akawapa watu wakanywa mbele yake, kisha akakaa nao akizungumza nao sehemu kubwa ya siku, huku akiwatazama. Je, ndimi zao zimelegea? Je, akili zimewapotea? Alipoona hawakubadilika kwa lolote, akaithibitisha kuwa ni halali.

Huo ndio usomi! Khamri imeharamishwa kwa sababu inalevya, inafunika akili. Kinachoitwa kwa jina la mvinyo lakini hakilevyi, jina halikiharamishi. Na kinacholevya kikiitwa kwa jina zuri, jina halikihalalishi. Laiti wangehukumu kwa jina, leo hii mabaraza yetu ya Lamu, Mombasa na Unguja yasingekuwa na dele la kahawa, wala tusingekula haluwa na kikombe kando yake.

3. KAHAWA YAVUKA BAHARI

Katikati ya miaka ya 1550, mwaka 962 Hijria kwa mujibu wa mwanahistoria wa Kituruki Ibrahim Peçevi, watu wawili kutoka Sham, mmoja wa Halab na mmoja wa Dimishqi, walifungua nyumba za kahawa mjini Istanbul. Mji huo ulikuwa na mabalozi na wafanyabiashara wengi wa Venice, dola ya Kitaliano iliyoishi kwa biashara ya baharini.

Mwaka 1585, mwakilishi wa Venice mjini Istanbul, Gianfrancesco Morosini, alieleza katika ripoti yake kwa Seneti habari ya Waturuki wanaokaa wakinywa maji meusi ya moto yaliyotolewa katika mbegu, ambayo husemwa kuwa yanamfanya mtu akae macho. Tabibu wa Kitaliano, Prospero Alpini, naye aliishi Misri katika miaka ya mwanzo ya 1580, na mwaka 1592 akachapisha mjini Venice kitabu cha mimea ya Misri ambamo alieleza habari za buni. Katika karne ya 17 kahawa ikawa inauzwa Venice, kwanza kama dawa, kisha kama kinywaji cha starehe. Mkahawa maarufu wa Florian, katika uwanja wa San Marco, ulifunguliwa mwaka 1720 na upo mpaka leo.

Kwa muda mrefu buni ya ulimwengu ilitoka Yemen, kwa bandari ya Mokha katika Bahari ya Shamu, mpaka Waholanzi walipoipanda Java mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Jina la bandari hiyo halikupotea. Mwaka 1933 kiwanda cha Alfonso Bialetti huko Italia kilitoa birika dogo la alumini la kupikia kahawa jikoni, likaitwa "Moka". Ndilo hilo lililomo karibu katika kila nyumba ya Kitaliano, na wengi wanaolitumia kila asubuhi hawajui kwamba wanaitaja bandari ya Yemen.

Na neno lenyewe lilisafiri pamoja na bidhaa: Kiarabu qahwa, Kituruki kahve, Kitaliano caffè. Sisi watu wa Pwani tulilipokea moja kwa moja kutoka kwa Waarabu, tukasema "kahawa", na mbegu tukaiita "buni" kama wanavyoiita wao, bunn.

Sukari nayo ina habari kama hiyo. Waislamu waliingia kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia, mwaka 827, na utawala wao ukadumu mpaka Wanormani walipokamilisha kukiteka mwaka 1091. Katika kipindi hicho kilimo cha miwa kilienea kisiwani. Mtaliano husema zucchero, Mwarabu sukkar, na Mswahili sukari. Ni neno moja lililovaa kanzu tatu.

Hapa lazima tufanye insafu. Hatudai kwamba tiramisu ni chakula cha Waislamu. Aliyekitunga ni Mtaliano na sifa ni yake. Tunachosema ni kwamba vitu viwili muhimu vilivyomo ndani yake, kahawa na sukari, vilipita katika mikono ya Waislamu kabla ya kufika kwake. Watoto wetu wanaosoma historia ya Ulaya shuleni wanafaa kuyajua haya, bila ya kutia chumvi na bila ya kujidharau.

4. TREVISO, MWAKA 1972

Kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Venice upo mji wa Treviso. Wenyeji wa huko walikuwa na desturi ya zamani ya kupiga viini vya mayai pamoja na sukari mpaka vikaumuka na kuwa vyeupe. Waliita sbatudin. Alipewa mgonjwa anayepata nafuu, mzee aliyedhoofika, mtoto anayekua na mama aliyejifungua. Sisi pia tunao uji wa pilipili manga na supu za wazazi. Kila watu na chao cha kumrudishia mzazi nguvu.

Katika mji huo palikuwa na mkahawa uitwao Le Beccherie, wa familia ya Campeol. Ado Campeol ndiye mwenye mkahawa, mkewe aliitwa Alba Di Pillo, na mpishi wao wa vitamutamu alikuwa Roberto Linguanotto. Inasimuliwa katika familia kwamba Alba alipojifungua na kuwa dhaifu alipewa mchanganyiko wa kumtia nguvu wenye mayai, sukari na kahawa, na kutokana na huo yeye na Linguanotto wakatengeneza kitamutamu kwa kuongeza mascarpone na biskuti. Kiliingia katika orodha ya chakula ya mkahawa mwaka 1972. Jina lake katika lahaja ya kwao lilikuwa tireme su, yaani "niinue" au "nipe nguvu". Jina linafanana na kazi ya sbatudin.

Wapo wanaopinga. Watu wa jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia husema kwao kilikuwako kabla, na humtaja Norma Pielli aliyekuwa akikipika katika hoteli moja ya mji wa Tolmezzo katika miaka ya 1950. Mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia ilikiingiza tiramisu katika orodha ya vyakula vya asili vya jimbo hilo la Friuli, na viongozi wa jimbo la Veneto, lenye Treviso, wakalalamika sana. Mzozo huo haujatulia, na si kazi yetu kuukata. Ado Campeol alifariki Oktoba 2021 akiwa na umri wa miaka 93, na Linguanotto alifariki Julai 2024. Kitu walichokiandaa kwa mji mdogo sasa kinaliwa kila pembe ya dunia.

5. BASI POMBE ILIINGIAJE?

Hapa ndipo wengi watakaposhangaa. Mwaka 2010, tawi la Treviso la Akademia ya Upishi ya Italia lilisajili mapishi ya tiramisu ya Le Beccherie mbele ya mthibitishaji wa hati. Vitu vilivyoandikwa ni hivi: viini 12 vya mayai, nusu kilo ya sukari, kilo moja ya mascarpone, biskuti 60, kahawa ya kutosha na unga wa kakao. Basi! Hakuna mvinyo, hakuna ramu, hakuna pombe ya aina yoyote. Watu wa Treviso wenyewe huieleza sababu: kilikusudiwa kuliwa na familia nzima, pamoja na watoto na wazee.

Pombe ilitiwa na wapishi wengine baada ya hapo, kila mmoja kwa mapenzi yake. Baadhi hutia ramu, wengine pombe tamu iitwayo amaretto, na wengi hutia mvinyo wa Marsala. Ajabu ya dunia ni kwamba Marsala ni mji wa Sicily ambao jina lake lina asili ya Kiarabu, limetokana na marsa, yaani bandari. Mvinyo wake uliingizwa katika biashara kubwa ya nje na mfanyabiashara wa Kiingereza, John Woodhouse, kuanzia mwaka 1773. Mji wenye jina la Kiarabu leo unajulikana duniani kwa chupa. Jina halimwokoi mtu wala mji.

Kwa hiyo anayesema "tiramisu asili yake ni pombe" amekosea kihistoria. Lakini anayesema "tiramisu ni halali, kula tu" naye amekosea, kwa sababu tiramisu ya hoteli au ya duka inaweza kutiwa pombe, na mara nyingi hutiwa. Na tusidanganyike kwa maneno kwamba pombe hukauka kwa moto. Tumeshasema kwamba tiramisu hakiokwi. Pombe iliyomiminwa katika ile kahawa baridi ya kuchovyea inabaki mle mle mpaka mdomoni.

Ulizeni, basi, kabla ya kununua. Ulizeni mambo mawili. La kwanza: kahawa imechanganywa na nini? La pili: krimu imegandishwa kwa jelatini, na kama ndiyo, jelatini ya mnyama gani? Mapishi ya Treviso hayana jelatini, lakini vile vya kununua huwa nayo mara kwa mara ili visimame. Muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Asiyejua alichokitia, muache na bidhaa yake.

Na njia iliyo salama kuliko zote ni kukitengeneza nyumbani.

6. TIRAMISU YA NYUMBANI (watu 6)

Vipimo hivi vya krimu ni robo ya yale mapishi ya Treviso, ila sukari tumepunguza kidogo.

VIPIMO

Krimu:
- Viini vya mayai – 3
- Sukari – gramu 100
- Mascarpone – gramu 250

Kuchovyea na kunyunyizia:
- Kahawa nzito isiyo na sukari – vikombe vya chai 1½
- Biskuti za savoiardi (ndefu kama vidole) – 15 mpaka 20
- Unga wa kakao usio na sukari – vijiko 2 vya supu

Mascarpone ni ghali na haipatikani kila mji. Unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua nusu lita ya krimu nzito ya maziwa, ipashe moto mdogo mpaka ikaribie kuchemka (nyuzi 85 hivi), bila ya kuiacha ifoke. Tia kijiko kimoja cha supu cha maji ya limau yaliyochujwa, koroga taratibu dakika 5, epua. Ikipoa, imimine katika chujio lililotandikwa kitambaa safi chepesi, weka bakuli chini, uache katika friji usiku kucha maji yajichuje. Asubuhi utakuta jibini nyeupe laini.

Biskuti nazo hufanyika nyumbani. Tenganisha mayai 3. Piga ute mpaka usimame, ukiongeza sukari gramu 75 kidogo kidogo. Tia viini, kisha chekecha juu yake unga wa ngano gramu 75 na uchanganye kwa mwiko polepole ili hewa isitoke. Mimina kwa mfuko katika trei iliyotandikwa karatasi, vipande virefu kama kidole, nyunyiza sukari laini juu. Oka kwa nyuzi 180, kiasi cha dakika 12, mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Acha vikauke vizuri.

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Pika kahawa nzito, kwa dele au kwa birika lolote. Usitie tangawizi wala iliki, maana zitaifunika krimu. Iache ipoe.

2. Weka viini na sukari katika bakuli la bati. Liweke juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole, bakuli lisiguse maji. Piga bila ya kuacha, mpaka mchanganyiko uwe mzito, mweupe na wa moto kabisa (nyuzi 70 kwenda juu). Watu wa Treviso hutumia viini vibichi, lakini kwa ajili ya watoto, wajawazito na wazee ni bora kuvipitisha katika moto. Epua, endelea kupiga mpaka vipoe.

3. Ilainishe mascarpone kwa mwiko, kisha ichanganye na viini vilivyopoa, kidogo kidogo. Usipige kwa nguvu, isije ikakatika.

4. Chovya biskuti moja moja katika kahawa, upande huu na upande huu, utoe mara moja. Ukiichelewesha, italowa na kuvunjika, na tiramisu itakuwa uji.

5. Panga tabaka la biskuti katika bakuli, funika kwa nusu ya krimu. Panga tabaka la pili, malizia na krimu yote.

6. Funika, weka katika friji saa 6 au usiku kucha. Usikiweke katika friza. Kakao ichekeche juu karibu na kula, maana ukiitia mapema italowana.

Kiliwe ndani ya siku mbili na kisiachwe nje ya friji, hasa katika joto letu la Pwani. Ute wa mayai uliobaki usiutupe. Tia katika mayai ya asubuhi. Israfu si tabia ya Muislamu.

Kwa watoto wadogo, punguza ukali wa kahawa, au chovya biskuti katika maziwa ya kakao. Wataliano wenyewe huwapikia watoto wao kinywaji cha shayiri iliyokaangwa badala ya kahawa. Ama vanila, mapishi ya asili hayana, hivyo hatuna haja ya kuingia katika mas-ala ya vanila ya chupa iliyotengenezwa kwa alikoholi.

Katika mwezi wa Ramadhaan kina mama wanaweza kukitayarisha usiku baada ya Taraawiyh, na kufikia futari ya kesho yake kinakuwa tayari, bila ya kumkalisha mtu jikoni saa za Magharibi.

7. TUNACHOJIFUNZA

Wazazi, siku mtakapokitengeneza, wakalisheni watoto pamoja nanyi. Mwenye miaka saba anaweza kuchovya biskuti. Mwenye miaka kumi na mbili anaweza kuambiwa habari ya Kadhi Ibn Ilyaas, aliyekaa na wanywaji kahawa sehemu kubwa ya siku kabla ya kutoa hukumu. Mwanafunzi wa sekondari aitafute Mokha katika ramani, kisha Aden, Makkah, Cairo, Istanbul, Venice, na mwisho Treviso. Atakuwa amesoma historia ya karne tano kwa bakuli moja.

Na wote wafundishwe hili. Watoto wetu wanaishi katika dunia inayowaletea kila siku vyakula vyenye majina wasiyoyajua. Kesho si tiramisu tena, litakuja jina jingine. Hatuwezi kuwapa orodha ndefu ya majina, hii kula, hii usile, maana orodha haitaisha. Tukiwapa njia ya kuuliza, watakwenda nayo popote: chuo kikuu, ughaibuni au nyumbani kwa rafiki. Kimetengenezwa kwa nini? Aliyekitengeneza ni nani? Kina kinacholevya? Kina cha mnyama asiyehalalishwa? Kama majibu ni mema, Bismillaah. Kama kuna shaka, waache, wasione haya.

Kahawa ilihukumiwa kwa maneno ya watu Makkah, ikachomwa barabarani. Ikapimwa kwa kilichomo ndani yake Cairo, ikapona. Tuwafundishe watoto wetu kupima.

Wa Allaahu A'lam.